Gharama ya Nakala ya Kwanza: Hesabu za Uchapaji wa Kiswahili kutoka Zanzibar hadi Bunyakiri

Historia ya Kiswahili cha maandishi imezoeleka kuandikwa kwa majina ya maaskofu, maafisa wa elimu, wanasarufi na washairi. Mchapaji hutajwa kwa nadra, na akitajwa huwa kwa herufi ndogo nyuma ya ukurasa wa kwanza wa kitabu. Upungufu huo una athari yake. Swali la kwa nini Kiswahili cha namna moja kilipata vitabu, na cha namna nyingine hakikupata, limejibiwa mara nyingi kwa hoja za siasa na za isimu, ilhali sehemu ya jibu imo katika karatasi moja ambayo wanaisimu hawana mazoea ya kuisoma, yaani hati ya makadirio ambayo mwenye kiwanda humpa mteja kabla ya kazi kuanza. Makala hii inaifuata hati hiyo kwa muda wa zaidi ya karne moja, kuanzia Zanzibar na kuishia Bunyakiri, katika teritwari ya Kalehe, Kivu Kusini, mahali ambapo hesabu ya kuchapa kitabu huanzia Bukavu lakini haimalizikii huko.

Neno gharama lenyewe linafaa kutazamwa kwanza. Katika Kiarabu, lilikotoka, gharama ni malipo ambayo mtu hulazimika kuyatoa, kama fidia au faini. Bei hupatikana kwa maafikiano. Gharama hulipwa hata asiporidhia mtu. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa uhasibu wote wa wachapaji. Mteja huiona bei. Mchapaji asiyeijua gharama yake hutaja bei ya chini, hupewa kazi, na mwisho wa mwaka hugundua kwamba kila kazi aliyoipata ilikuwa ikimla. Msamiati wa ufundi huu nao umesafiri mbali: chapa limetoka Kihindi, na rimu, ambalo wengi hulihesabu kuwa la Kiingereza, asili yake ni rizma ya Kiarabu, yaani furushi, lililozunguka Ulaya karne kadhaa kabla ya kuwafikia Waswahili likiwa limevaa nguo za ugenini.

Kitabu cha kurasa 96

Ili hoja isielee hewani, ichukuliwe kwamba shule chache za Bunyakiri zimekubaliana kuchapisha kitabu cha kusomea cha kurasa 96, cha ukubwa wa A5, nakala 1000. Vipimo hivi vya A vilianzia Ujerumani, katika kanuni ya DIN 476 ya mwaka 1922 iliyotokana na kazi ya Walter Porstmann, na faida yake ni kwamba karatasi ikikatwa katikati hutoa karatasi mbili zenye umbo lilelile. Karatasi moja ya A1 hubeba kurasa 16 za A5 kila upande, jumla kurasa 32. Kitabu cha kurasa 96 basi hutumia karatasi 3, na nakala 1000 hutumia karatasi 3000, yaani rimu 6. Kwa kuwa kitabu hukatwa kingo baada ya kukunjwa na kushonwa, karatasi inayonunuliwa huwa kubwa kidogo, ya milimita 610 kwa 860. Ikiwa ina gramu 60 kwa mita ya mraba, karatasi hizo 3000 zina uzito wa kilo 94 na ushei. Zikiongezwa zile zinazoharibika wakati fundi anapotafuta mahali sahihi pa maandishi na kiasi sahihi cha wino, mathalani kumi kwa mia, uzito huzidi kidogo kilo 100. Kilo hizo za ziada mteja hazioni kamwe, lakini zimenunuliwa, zimesafirishwa na zimelipiwa ushuru sawasawa na zile anazokabidhiwa.

Karatasi ndiyo sehemu nyepesi ya hesabu. Ugumu huanza kwenye mashine. Mashine kubwa inayopokea karatasi nzima ya ukubwa huo inahitaji mabamba 6 tu ya kuchapia, kwa sababu kila bamba hubeba kurasa 16, na karatasi hupita mara 6000. Viwanda vidogo havina mashine ya namna hiyo. Mashine iliyoenea sana katika viwanda vya Afrika tangu miaka ya 1970 ni Heidelberg GTO, ambayo hata katika umbo lake kubwa haipokei karatasi inayozidi sentimita 36 kwa 52. Kila upande wa karatasi hiyo huingia kurasa 4 za A5. Kitabu kilekile sasa kinataka mabamba 24, na karatasi hupita mara 24,000. Ikiwa kuandaa kila bamba kunachukua nusu saa, maandalizi peke yake ni saa 12, ilhali kuchapa kwenyewe, kwa mwendo wa karatasi 5000 kwa saa, hakufikii saa 5. Mtu anayesimama mlangoni na kuiona mashine ikizunguka hudhani analipia mzunguko huo. Kwa kweli sehemu kubwa ya fedha yake imekwenda kwenye zile saa ambazo mashine ilisimama ikitengenezwa.

Hapo ndipo linapojitokeza jambo ambalo wachapaji wote wanalijua na waandishi wengi hawalijui: kuna gharama ya nakala ya kwanza na kuna gharama ya nakala zinazofuata. Kupiga taipu, kupanga kurasa, kusahihisha prufu, kutengeneza mabamba na kuiandaa mashine hugharimu kiasi kilekile, iwe zinachapwa nakala 50 au 50,000. Kwa namba za mfano tu, ichukuliwe kwamba kazi hizo zinagharimu dola 600, na kwamba karatasi, wino na ushonaji wa kila nakala ni dola 1. Zikichapwa nakala 200, kila moja imegharimu dola 4. Zikichapwa 1000, ni dola 1.60. Zikichapwa 5000, ni dola 1.12. Fotokopi haina gharama ya nakala ya kwanza inayostahili kutajwa. Nakala ya mia hugharimu sawa na ya kwanza. Ikiwa kitabu kilekile kwa fotokopi ni dola 2.50, njia hizo mbili hulingana kwenye nakala 400. Chini ya hapo fotokopi ina nafuu. Juu yake kiwanda kinashinda. Silabasi za vyuo vya Bukavu, zinazohitajiwa na wanafunzi sitini au mia, haziwezi kuvuka mstari huo hata mwalimu akitaka. Kubaki kwake katika fotokopi si dalili ya uvivu wa waandishi, kama inavyodaiwa wakati mwingine katika mabaraza ya idara. Ni mgawanyo wa kawaida wa namba.

Saa zisizouzwa

Kuhesabu gharama kamili hakukuanza jana. Christophe Plantin alianza kuchapa Antwerpen mwaka 1555, na daftari za nyumba yake zimehifadhiwa hadi leo katika jengo lilelile, ambalo sasa ni makumbusho. Mwaka 2001 UNESCO iliziingiza nyaraka hizo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Humo kitabu hupewa hesabu yake: karatasi kiasi gani, ujira wa wapanga herufi kiasi gani, wa wavuta mashine kiasi gani. Katika vitabu vingi karatasi peke yake ilizidi nusu ya gharama, jambo linaloeleza kwa nini wachapaji wa zama hizo walikuwa wakali kwa karatasi iliyoharibika kuliko kwa fundi aliyechelewa.

Hata hivyo, karne tatu baadaye wachapaji wengi walikuwa bado wakikisia. Walijumlisha karatasi na mishahara, wakaongeza kidogo cha faida, wakataja bei. Theodore Low De Vinne wa New York alijaribu kuwarekebisha kwa orodha yake ya bei, iliyotoka karibu na mwaka 1870, lakini orodha ya bei za mtu mmoja haiwezi kuwa gharama ya mwingine. Mwaka 1909 wachapaji wa Marekani walikutana Chicago katika mkutano mahususi wa gharama, na mwaka 1913 wenzao wa Uingereza walifanya wa kwao London. Kilichoibuka katika mikutano hiyo ni wazo la saa inayouzwa. Fundi hulipwa saa 8 kwa siku. Katika hizo, labda 5 ndizo zilizotumika katika kazi ya mteja; 3 zimekwenda kwenye kuosha mashine, kungoja prufu zirudi, kutafuta kilichopotea. Mchapaji anayetoza saa 5 kwa ujira wa saa 5 amezilipa 3 kutoka mfukoni mwake. Gharama halisi ya kila saa inayouzwa ni ujira wa saa moja na sita ya kumi, na juu yake huja kodi ya nyumba, uchakavu wa mashine, mafuta, mshahara wa karani na riba.

Kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya Kivu, lakini inaieleza Kivu vizuri kuliko nchi ilikotungwa. Bukavu hupata umeme wake kutoka mto Ruzizi, katika kituo cha kwanza kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 na cha pili cha mwaka 1989, na mgao wa umeme umekuwa sehemu ya maisha ya mji kwa miaka mingi. Saa ya giza ni saa isiyouzwa. Fundi yupo, kodi inahesabiwa, wino unakauka juu ya mitungi ya mashine. Mwenye kiwanda ana njia mbili, kununua mafuta ya jenereta au kungoja, na zote mbili huishia katika bei ya kitabu. Mteja anayelalamika kwamba Bukavu ni ghali kuliko Kampala au Nairobi anasema kweli, ila mara nyingi humlaumu asiyehusika.

Aliyelipa Zanzibar, na aliyelipa Nairobi

Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyofika Zanzibar mwaka 1864 ikiongozwa na Askofu Tozer pamoja na Edward Steere, ilianza kuchapa katika miaka yake ya mwanzo kisiwani humo, na vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa walifundishwa kupanga herufi za risasi. Karibu na mwaka 1880 Sultani Barghash naye alianzisha matbaa yake, iliyochapa vitabu vya Kiarabu, hasa vya fiqhi ya Kiibadhi. Mashine hizi mbili, zilizofanya kazi katika mji mmoja kwa dini mbili na hati mbili, zilifanana kwa jambo moja: hakuna iliyotegemea mnunuzi wa kitabu kulipa gharama ya nakala ya kwanza. Upande mmoja ililipwa na wachangiaji wa misheni huko Uingereza, upande wa pili na hazina ya Sultani.

Lugha nayo ilikuwa na gharama yake, na hapa mwanaisimu anaweza kumsaidia mhasibu. Fungu la herufi za risasi lililouzwa na viwanda vya Uingereza lilipangwa kwa mahitaji ya Kiingereza, ambamo herufi inayotumika zaidi ni e. Kiswahili hula a. Sentensi ya kawaida kama "watu wa kaya zile walikaa na kulala" humaliza a za kisanduku kabla e hazijaguswa. Mpangaji aliyeishiwa herufi alikuwa na njia mbili, kuagiza nyongeza ng'ambo au kupanga kurasa chache, kuzichapa, kuzibomoa na kuanza tena. Ya kwanza ililipwa kwa fedha, ya pili kwa siku za kazi. Gharama hii haionekani katika historia yoyote ya fasihi, lakini ni ya kisarufi kabisa: imetokana na viambishi wa-, -ka-, -na-, na na irabu ya mwisho ya kitenzi.

Wajerumani walifuata njia hiyohiyo ya kuificha gharama ya nakala ya kwanza. Gazeti la Kiongozi, lililoanza Tanga mwaka 1904, lilichapwa katika shule ya serikali, na kazi ilikuwa ya wanafunzi wa shule. Chini ya Waingereza, Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923 mikononi mwa idara ya elimu. Kufikia hapo swali lilikuwa limebadilika. Serikali nne, za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, zilihitaji vitabu vya shule, na kila moja ikivichapa peke yake kwa lahaja yake na tahajia yake, ingeilipa gharama ya nakala ya kwanza upya. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulianza mazungumzo ya lugha moja ya vitabu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi. Na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi, ikiwa na wajibu wa kusoma miswada ya vitabu vya shule na kuidhinisha.

Usanifishaji umeelezwa kwa sababu nyingi, na kila moja ina uzito wake. Hata hivyo ukiangaliwa kutoka upande wa kiwanda unaonekana kwa sura nyingine. Kitabu kimoja kinachosomeka Mombasa, Tabora na Kampala huchapwa kwa maelfu. Vitabu vitatu vya lahaja tatu huchapwa kwa mamia. Katika mfano wa hapo juu, hiyo ni tofauti kati ya dola 1.12 na dola 4. Wapenzi wa Kimvita walioona lahaja yenye washairi wakubwa kupita wote ikiachwa kando walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini, na jibu la ubora wa lugha halikuwatosheleza, wala halikupaswa kuwatosheleza. Jibu la hesabu lilikuwa la kweli zaidi, lakini halikutangazwa kwa sauti kubwa vile.

Mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, Nairobi, chini ya Charles Richards, ikichapisha pia kwa jina la Eagle Press. Kazi yake kubwa, kwa lugha ya mchapaji, ilikuwa kuibeba gharama ambayo mchapishaji wa biashara hakuwa tayari kuibeba: kusoma mswada, kuuhariri, kuhatarisha mtaji katika lugha ambayo soko lake halijulikani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mfumo huo wa pamoja ulikwisha, na kila nchi ikarudi kwenye hesabu zake. Wakati huohuo kulikuwa na kasoro ya kimataifa. Mkataba wa Florence wa mwaka 1950 uliruhusu vitabu vilivyokwisha kuchapwa kuingia nchini bila ushuru, lakini haukuigusa karatasi ya kuchapia. Kitabu kilichochapwa London kilipita bandarini bure, na rimu ya kuchapia kitabu hichohicho Dar es Salaam ingeweza kutozwa. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 1976 ndiyo iliyofungua mlango kwa vifaa vya kutengenezea vitabu, kwa nchi zilizokubali kuingia.

Ng'ambo ya ziwa

Kongo ya Ubelgiji haikuwamo katika kamati ya mwaka 1930. Kiswahili kilikuwa kimeingia mashariki yake pamoja na misafara ya karne ya kumi na tisa, kikaenezwa na migodi, kambi za jeshi na misheni, na kikaota mizizi kwa sura yake. Huko Kivu mtu husema batoto na bitabu pale kitabu kinapoandika watoto na vitabu. Tofauti hiyo ni ndogo masikioni. Katika prufu si ndogo. Mpangaji herufi wa Bukavu alipanga alivyosema. Msahihishaji aliyelelewa katika Kiswahili cha misheni aligeuza kila ba- kuwa wa-. Na katika enzi ya risasi kila sahihisho lilimaanisha kuufungua mstari, kuondoa herufi, kuingiza nyingine na kuubana tena. Wachapaji wa kila nchi huyatoza masahihisho kwa saa. Hivyo usanifu, ambao Afrika Mashariki ulipunguza gharama, upande huu wa ziwa uliweza kuiongeza, kwa sababu soko halikupanuka: kitabu kilisahihishwa kiwe cha pwani lakini kiliuzwa palepale.

Vitabu vya eneo hili vilitoka katika viwanda vichache. Kabgayi, nchini Rwanda, walikuwa wakichapa Kinyamateka tangu mwaka 1933. Usumbura palikuwa na Presses Lavigerie za Mapadri Weupe. Na jina Kivu-Presses linasomeka katika vitabu vilivyochapwa Bukavu. Karatasi kutoka ng'ambo ilipita njia ileile iliyopitwa na lugha. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mapatano ya mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa maeneo yake ya bandari Dar es Salaam na Kigoma. Mzigo wa Kivu ungeweza kushushwa pwani, kuvuka Tanganyika kwa reli, kuvuka ziwa hadi Uvira au Usumbura, kisha kupanda kwa barabara hadi Bukavu. Kila mahali pa kuhamishia mzigo pana mchukuzi, ghala na unyevu, na karatasi ni adui wa unyevu kuliko saruji.

Mwezi Mei 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi na kupendekeza lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, zitumike katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Pendekezo hilo ni la heshima katika historia ya taaluma hii. Lakini azimio la lugha halichapi kitabu. Miezi sita kabla yake, tarehe 30 Novemba 1973, serikali ilikuwa imetangaza kutaifisha biashara za wageni, na uchumi wa nchi ukaingia katika mteremko ambao wachapaji waliusoma kwanza katika bei ya rimu.

Fedha yenyewe ni kazi ya kuchapwa, na Zaire iliichapa sana. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili. Mwezi Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu, na mwaka 1998 faranga ya Kongo moja ikachukua nafasi ya zaire mpya laki moja. Kati ya tarakimu hizo kuna elimu nzima ya uhasibu. Mteja wa miaka hiyo alilipa nusu siku ya kuagiza na nusu siku ya kuchukua. Ikiwa katika mwezi wa kungoja bei zote zimepanda maradufu, nusu ya pili ina nguvu ya robo, na mchapaji amepokea robo tatu ya kile alichokubaliana. Robo iliyopotea ilizidi faida yoyote aliyoitarajia. Ndiyo maana makadirio yaliandikwa kwa dola hata pale malipo yalipofanywa kwa magunia ya noti, na ndiyo maana mchapaji mwenye busara alihesabu karatasi kwa bei atakayonunulia rimu ijayo, si kwa bei aliyonunulia ile iliyo ghalani. Wateja waliuita ulafi. Aliyehesabu kwa bei ya jana alikuwa akigawa kiwanda chake kidogo kidogo bila kujua.

Baada ya fedha zikaja vita. Bukavu ilitekwa mwishoni mwa Oktoba 1996, ikaingia katika vita vya pili Agosti 1998, ikatekwa tena Juni 2004 na tena Februari 2025. Hakuna safu ya hasara ya namna hii katika mfumo wa London wala wa Chicago. Mwenye kiwanda huiweka mahali fulani, aghalabu chini ya neno "mengineyo".

Kilomita themanini

Kitabu cha kurasa 96 kimechapwa, kimeshonwa na kimefungwa katika maboksi Bukavu. Hati ya makadirio imefika mwisho wake, na mteja amelipa. Bunyakiri iko umbali wa kilomita 80 hivi, kwa barabara ya taifa namba 3, inayopita Miti na kukata msitu wa milimani wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, kisha ikaendelea kuelekea Hombo na Walikale. Kilo mia moja za vitabu si kitu kwa lori, lakini lori halipiti kila msimu, na kwa pikipiki ni safari mbili. Palipo na kizuizi barabarani pana malipo, na malipo hayo hayatolewi risiti, kwa hiyo mkuu wa shule anayepaswa kutoa hesabu kwa wazazi huyaandika kama nauli au huyanyamazia. Boksi likilowa, nakala zilizoharibika hugeuka gharama ya zile zilizosalimika: zikifika 900 kati ya 1000, kila nakala imepanda kwa kumi na moja kwa mia bila mtu kubadilisha bei. Zikibaki 200 kabatini kwa sababu wazazi hawakuweza kulipa, hesabu hupanda tena. Gharama kamili ya kazi ya kuchapa hujulikana siku nakala ya mwisho inapouzwa, na vitabu vingi havijaifikia siku hiyo.

Kwa mantiki hiyo, mashairi, visa na misamiati ya mahali kama Bunyakiri, ambapo Kiswahili cha Kivu kinasemwa sambamba na Kitembo, hukwama kabla ya kufika kwa mchapaji. Soko la nakala 200 haliwezi kulipia gharama ya nakala ya kwanza, na hakuna Sultani, misheni wala idara ya Nairobi iliyojitolea kuilipa. Maandishi ya namna hiyo yaliyonusurika yamenusurika kwa sababu mtu wa mbali aliilipa. Historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, katika Kiswahili cha Katanga kisichosahihishwa na mtu, ilipigwa kwa taipureta; kitabu kamili chenye matini hiyo, tafsiri na maelezo ya Johannes Fabian kilitoka Amsterdam mwaka 1990. Shigeki Kaji alitoa Tokyo mwaka 1985 sentensi elfu mbili za Kiswahili kama kinavyosemwa Zaire, na mwaka uliofuata, hukohuko Tokyo, kamusi ya Kitembo. Kamusi hiyo ina lugha nne: Kitembo, Kiswahili cha Zaire, Kijapani na Kifaransa. Chuo kikuu cha Japani kililipia mabamba. Mwalimu wa Bunyakiri anayetaka kuisoma analazimika kuiagiza kutoka ng'ambo ya bahari mbili, na ikifika Bukavu bado ina kilomita 80 za kwenda.